Sitara wa Chini

Siku za kupima watoto, muuguzi alitundika mizani kwenye ndoano ya dari kabla jua halijapanda, akaifuta kwa kitambaa chenye dawa, akapanga kadi mezani, ndipo akafungua mlango. Kina mama waliingia na mikoba yao, na blanketi, na watoto waliokuwa bado wanapiga miayo, wakajaza mabenchi. Muuguzi akachukua kadi ya juu, akaita, "Sitara!"

Karibu nusu ya chumba ilisimama. Wasichana wawili waliokuja kuwabebea mama zao mizigo nao wakageuza shingo. Na chini ya vigae, mahali fulani kati ya mizani na friji ya chanjo, sauti ya msichana ikaitika, "Abee!"

Hakuna aliyetazama sakafu.

"Sitara wa muuza mkaa," muuguzi akafafanua, na wote wakaketi isipokuwa mmoja.

Mji ulikuwa umejaa kina Sitara kama kikapu cha vitunguu. Alikuwepo Sitara Miwani, Sitara wa Bekari, Sitara Mrefu, na Sitara aliyeitwa Mbona Hivi kwa sababu ndivyo alivyozoea kuuliza. Walikuwepo mapacha ambao wote wawili waliitwa Sitara, kwa kuwa mama yao alisema haoni sababu ya kumpunja mmoja. Na chini yao wote alikuwepo Sitara wa Chini. Ukiita jina hilo popote mjini, wa juu aliitika na wa chini akaitika. Kwenye sakafu ya saruji sauti ilikuja nzito, kwenye mbao ilikuja nyepesi, na pale kituo cha basi, penye lami, ilisikika kama mtu aliyejifunika blanketi hadi kichwani. Watu walikuwa wameizoea kama wanavyozoea mlio wa friji. Wageni waliuliza mara moja, wakajibiwa, wakaendelea na shughuli zao.

Muuguzi naye alikuwa mgeni. Aliletwa na ndoa. Juma lake la kwanza alimuuliza mumewe, aliyekuwa fundi umeme, na wakati huo alikuwa anakaza soketi ya jikoni na bisibisi mdomoni.

"Ni jina tu," mume alisema alipoitoa bisibisi. "Jina likipendwa sana huwa na mwangwi."

Muuguzi aliona ni jibu la kutosha. Kwao aliwahi kuishi jirani na mtu aliyekuwa na kivuli cha mtu mwingine, na hawakuwahi kugombana.

Juu ya maana ya jina lenyewe, mabenchi ya kliniki hayakuafikiana kamwe. Kuna waliosema Sitara ni nyota. Kuna waliosema ni malkia wa zamani aliyekuwa na nywele hadi magotini. Mama mmoja alishikilia kwamba ni aina ya kitambaa, na kwamba shangazi yake aliwahi kukishona. Ubishi ulikatwa kila mara na Mwalimu Mkuu. Huyo alikuwa ameshastaafu, mzee mwenye kola safi na mvi zilizochanwa vizuri, aliyewafundisha nusu ya watu wa mji kusoma. Mtoto akizaliwa, Mwalimu alialikwa aje aseme neno, naye alisema neno lilelile, na watu walilipenda zaidi kila walipolisikia.

"Sitara ni stara," alisema, kidole kimoja juu. "Na stara ni nini? Ni pazia. Ni nguo. Ni ukuta wa nyumba yako. Ni kile kinachosimama kati ya mtu na macho ya watu. Asiye na stara yuko uchi hata akivaa makoti mawili."

Watu walipiga makofi, akapewa chai.

Lakini aliyelieneza jina hakuwa Mwalimu. Alikuwa mkunga, mama mkwe wa muuguzi. Mikono ya mama huyu ndiyo iliyowapokea karibu wote waliozaliwa mjini kwa muda wa kizazi kizima. Mtoto akiwa wa kiume alisema, "Dume hilo," akamkabidhi. Akiwa wa kike alimpangusa uso, akamzungushia kanga, na kabla mama mtu hajapata pumzi ya kuuliza chochote, mkunga alikuwa ameshasema, "Karibu, Sitara." Jina lilikuwa limekwisha kuingia. Nani angebishana na mwanamke aliyemtoa kwenye mdomo wa kifo dakika hiyo hiyo?

Muuguzi alipojifungua, ilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa kati ya maumivu na usingizi aliposikia, "Karibu, Sitara," na chini ya kitanda sauti ikaitika, "Abee, mama."

Alilala akiwa na neno hilo la pili masikioni. Kliniki sauti ile haikuwahi kuitika hivyo. Huko ilisema "Abee" tu, ikanyamaza. Alipoamka alidhani ameota.

Sasa yeye mwenyewe akawa Mama Sitara, kama wanawake wengi wa mtaa wake. Asubuhi moja alitoka na mkwewe kwenda dukani, mtoto mgongoni. Mwenye duka alimwona muuguzi kwa mbali, akapunga mkono. "Mama Sitara! Sabuni zako zimefika!"

"Bee!" aliitika mkunga.

Watu wote walimjua mkunga kwa jina la Mama Fundi. Hakuwahi kuitwa vingine. Aliitika haraka, kama mtu aliyeguswa begani, hata kabla muuguzi hajafungua mdomo. Kisha akaanza kubonyeza nyanya zilizokuwa kwenye kikapu, moja baada ya nyingine, mpaka mwenye duka akamwomba aziache.

Tangu hapo macho ya muuguzi yakaanza kuona. Aliona kliniki kwamba hakuna Sitara mwenye mvi. Mabibi wa mji walikuwa na majina yao mengine kabisa. Sitara mkongwe kuliko wote alikuwa Sitara Mrefu, na Sitara Mrefu alipishana na mume wa muuguzi kwa siku chache tu za kuzaliwa. Jina lililopendwa kiasi kile lilikuwa limeanza ghafla, kama mvua.

Alikumbuka pia habari za wifi yake. Mumewe alikuwa na dada mkubwa aliyekwenda kusoma ng'ambo zamani, akabaki hukohuko. Nyumbani walimtaja kama "dada yenu" basi, na kila alipoulizwa, alikuwa na shughuli nyingi. Siku ya harusi mkunga alimpa muuguzi mashuka mawili, akasema, "Kutoka kwa wifi yako." Baadaye aliona kwamba pindo zake zilikuwa na mshono wa kuruka wa fundi cherehani wa kituo cha basi, ambaye jicho lake moja halioni vizuri. Muuguzi alicheka moyoni. Alidhani mama mkwe anamfichia aibu binti bahili.

Alasiri moja alikuwa nyumbani kwa mkunga. Mkunga alikuwa amekwenda kununua mkaa. Muuguzi alikuwa anakunja nguo sebuleni, na alipoinua macho, mtoto hakuwepo. Alikuwa ndio kwanza ameanza kutambaa, na mtoto wa kutambaa ni kama maji, hupenya popote.

"Sitara!" aliita.

"Abee!"

Sauti haikuwa ya mbali. Ilitoka stoo, upande wa pili wa ukuta, na ilikuja na pumzi zake. Muuguzi alisukuma mlango. Humo mlikuwa na gunia la mchele, ndoo, ngazi iliyovunjika, na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi kwenye saruji, sikio moja chini, ametulia kama watoto wanavyotulia kifuani kwa mtu.

Muuguzi alipiga magoti ili amwinue, ndipo akazisikia zile pumzi vizuri. Zilikuwa fupi fupi, zikifuatana, kisha moja ndefu iliyobanwa na meno. Pumzi hizo alizijua. Alizisikia kila juma kwenye chumba cha kujifungulia.

Katika mji ule hakuna aliyewahi kuongeza neno baada ya kuitikiwa na sakafu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaiita sakafu. Muuguzi akaongeza.

"Una nini?"

"Tumbo linauma," ikajibu sauti.

"Limeanza lini?" aliuliza, maana ndivyo muuguzi anavyouliza.

"Tangu jana. Mama amesema nisipige kelele, watu watasikia."

"Una umri gani?"

"Niko kidato cha pili," ikasema sauti, kama mtoto anavyojibu.

Muuguzi alimnyanyua mwanawe, akamshika kwa nguvu kiasi kwamba mtoto alilia. Sakafu kuongea hakukumsumbua. Kilichomtisha ni kile alichoambiwa. Alikuwa bado amesimama pale mkunga aliporudi, akaweka mfuko wa mkaa chini, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Mama, stoo kuna nani?"

Mkunga aliutazama mlango uliokuwa wazi. "Umezungumza naye?"

"Nimezungumza naye."

"Amesemaje?" Aliuliza kwa shauku, kama mtu anayeuliza habari za aliye safarini.

"Anasema tumbo linauma."

"Bado?" akasema mkunga.

Alivuta kigoda, akakaa taratibu, goti moja likilia. "Mimi nikimwita huniitikia tu. Sijawahi kumuuliza hali. Naogopa."

Kisha akasema yote, akichagua vipande vya mkaa kwa ukubwa huku akizungumza, vikubwa huku, vidogo kule. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti aliitwa Sitara. Jina alilipata kwa bibi yake, mwanamke wa mbali, na mjini hapakuwa na mwingine mwenye jina hilo. Tumbo lilipoanza kuonekana, mkunga alimwingiza stoo, akatangaza kwamba amekwenda kusoma. Naye mwenyewe akawa anavaa magauni mapana, akifunga matambara kiunoni, akilalamika mgongo sokoni. Watu walimpa pole na kumwambia umri huo wa kuzaa ni taabu.

"Mimi ni mkunga, nikasema nitamzalisha mwenyewe. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nilijua mapema tu, nilimpapasa nikajua."

"Hospitali ilikuwa wapi?"

Mkunga alionyesha kwa kidevu. Dirishani lilionekana paa lake la bati, na nguo za wagonjwa zilizoanikwa uani. "Palepale ilipo."

"Mama."

"Nimewapeleka wanawake wengi pale kwa sababu hiyo hiyo. Usiku, mvua, nimewapeleka. Lakini yule ningempitishaje njiani na tumbo lile? Sare zake bado zilikuwa kwenye kamba. Nikamwambia, vumilia mwanangu, ndani ya kuta hizi tuna stara yetu. Nilimsitiri alipokuwa hai, na alipokufa nikamsitiri. Saruji niliichanganya mwenyewe."

Muuguzi akauliza, "Na mtoto?"

"Mtoto alitoka mzima," alisema mkunga, akaweka kipande cha mkaa upande wa vikubwa. "Umeolewa naye."

Muuguzi akakaa juu ya gunia la mchele. Alijaribu kupanga ukoo wake upya kichwani. Wifi yake hakuwa wifi, alikuwa mama mkwe. Mama mkwe hakuwa mama mkwe, alikuwa bibi wa mumewe. Na huyu aliyekuwa anavuta hereni yake sasa hivi alikuwa mjukuu wa msichana wa kidato cha pili.

"Na haya majina? Mji mzima?"

"Juma lile lile nilimzalisha mke wa dereva. Nimemshika mtoto hivi, nikajikuta nimesema, Karibu, Sitara. Mdomo ulijisemea wenyewe. Na yeye akaitika kutoka chini. Watu wakageuka. Nikasema, ni huyu mtoto, ana mapafu huyu. Wakacheka. Basi nikaona kwamba wakiwa wengi, hakuna atakayejua anayeitika ni yupi." Aliacha mkaa, akatazama viganja vyake vyeusi. "Na mimi nitaweza kumwita mwanangu mchana kweupe."

"Baba yake fundi ni nani?"

"Watu wazima hawatajwi," mkunga alisema, akainuka kuwasha jiko.

Lakini muuguzi alikuwa ameshajua. Aliyakumbuka masikio. Mumewe alikuwa na masikio yaliyosimama kama vipini vya kikombe, na mji mzima ulikuwa na jozi nyingine moja tu kama hiyo. Mara kwa mara, kwenye kinyozi au kwenye foleni, mtu alianza kufanya mzaha juu ya masikio hayo, na wenzake wakaanza kucheka, halafu kicheko kikakatika ghafla kama redio iliyochomolewa. Aliwahi kujiuliza kwa nini mzaha ule haufiki mwisho. Sasa alielewa kwamba kila aliyewahi kucheka alikuwa anajua.

Mumewe aliporudi kutoka kazini, hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Alimwambia vile vile alivyoambiwa. Mume alisikiliza huku anakunja waya kuzunguka kiwiko, duara juu ya duara.

"Nilijua nikiwa darasa la nne," alisema. "Mtoto mmoja aliniambia uwanjani. Tulikuwa tunagombania mpira."

"Ukafanya nini?"

"Nikampa mpira."

"Na miaka yote hii hujawahi hata kumwita?"

"Mama Sitara, nimwite kwa jina gani? Jina lile lina watu wengi." Aliutundika waya msumarini. "Mwanamke aliyenilea yuko hai. Nikisema neno, namzika yeye. Acha tu. Stara, mke wangu."

Muuguzi alimtazama kama mtu asiyemjua, na kwa siku kadhaa alimwachia chakula mezani kimefunikwa.

Wakati huo kliniki ilikuwa inajengewa wodi mpya ya wazazi. Kamati iliongozwa na Mwalimu Mkuu, nayo ilikubaliana kwa kauli moja kwamba iitwe Wodi ya Sitara. Siku ya kuifungua kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na kipaza sauti kilichofungwa na fundi umeme mwenyewe. Mkunga aliketi mbele kwa heshima, amevaa kanga mpya. Mwalimu Mkuu alisimama, akainua kidole, akaanza na pazia, akaja kwenye nguo, akaja kwenye ukuta wa nyumba. Upepo ulikuwa mwanana. Watu walisubiri makoti mawili ili wapige makofi, na yalipofika wakapiga.

Kisha muuguzi akaitwa kutoa shukrani kwa niaba ya wafanyakazi. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Sitara," alisema.

Uwanja mzima uliitika, wakubwa na wadogo, na wanaobebwa, mama zao wakaitika badala yao. Walipomaliza, sauti ya chini nayo ikaitika, na spika ikaipeleka hadi barabarani.

"Nakuita wewe wa chini."

"Abee."

"Nani alikupa mimba?"

Sauti haikuwa na hasira wala aibu. Ilijibu kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua.

"Mwalimu Mkuu. Alisema nibaki nifute ubao."

Mwanamke mmoja aliyekaa mbele alimhamisha mwanawe kutoka goti hili kwenda goti lile. Mshereheshaji alitazama saa. Mkunga aliinamisha kichwa, akaanza kuhesabu maua ya kanga yake kwa kidole. Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena, akamsogelea muuguzi na kukichukua kipaza sauti mikononi mwake kwa upole, kama anavyopokewa mtu mzigo.

"Tunamshukuru sana muuguzi wetu kwa neno lake," alisema. "Kama nilivyokuwa nikisema, stara ni jambo kubwa. Sasa tukate utepe."

Wakapiga makofi. Muuguzi alitazama nyuso, safu kwa safu, akitafuta japo mmoja uliobadilika rangi. Hakuuona. Aliwaona kina mama aliowapimia watoto, na mwenye duka, na Sitara Miwani, na dereva ambaye mkewe alimzaa Sitara Mrefu, wote wakiwa na uso wa mtu aliyesikia saa ikigonga. Katika uwanja wote aliyeshtuka alikuwa mmoja tu, naye ni yeye. Aliondoka kabla ya soda.

Kesho yake alikwenda kituo cha polisi. Askari alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akakubali kila neno.

"Hata mimi nilikuwepo uwanjani, mama. Nimesikia vizuri kabisa."

"Basi?"

"Basi shahidi wako hawezi kupanda kizimbani." Alishusha sauti kidogo, akawa kama jirani. "Na mimi kwangu ninao kina Sitara wawili. Mmoja yuko shule. Nikianza kuchimba, nao watasemwa. Nenda kalee mwanao."

Baada ya hapo muuguzi hakujua tena pa kwenda, isipokuwa stoo. Akawa anapita huko kila atokapo kazini. Mkunga alimfungulia bila kuuliza. Muuguzi alikaa juu ya saruji na gauni lake jeupe, akaita, akaitikiwa, akasema, "Vuta pumzi polepole. Hivyo. Sasa toa." Kiganja chake kilizunguka sakafuni, duara kubwa kisha dogo, kama anavyosugua mtu mgongo. Uchungu haukuisha wala mtoto hakuzaliwa, maana alikuwa amekwisha kuzaliwa zamani. Lakini pumzi zilikuwa zinatulia kidogo, na siku nyingine sauti iliuliza vitu. Iliuliza kama mitihani imekwisha. Iliuliza kama nje kuna jua. Siku moja mkunga alileta kigoda chake, akakaa mlangoni, akasikiliza. Alileta na maji ya kunywa, akayaweka sakafuni, yakabaki hapo.

Mume alikuja baadaye sana, Jumapili moja, mikono mfukoni. Alisimama akaitazama baiskeli kana kwamba alikuja kuitengeneza. Halafu akalala chini, mtu mzima yule, shavu kwenye saruji.

"Mama," aliita.

Sakafu ilinyamaza. Akaita tena, sauti ikamkatikia.

"Halijui hilo," muuguzi alimwambia. "Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mwite kwa jina lake."

Ilimchukua muda. Midomo yake ilijaribu mara kadhaa kabla ya kuthubutu. "Sitara."

"Abee!"

"Mimi ni… mimi ndiye yule mtoto."

Pumzi zilisimama. Muuguzi hakuwahi kuzisikia zikisimama. Mkunga, mlangoni, alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Ulilia?" ikauliza sauti.

"Lini?"

"Ulipotoka. Mtoto lazima alie. Mama anasema asipolia ni vibaya. Mimi sikusikia."

Mume alimgeukia mkunga, na mkunga, ambaye alikuwa ndiye shahidi pekee, alitikisa kichwa kukubali, machozi yakiteremka bila sauti.

"Nililia," alisema. "Nililia sana."

"Haya," ikasema sauti, na zile pumzi fupi zikaanza upya.

Walifunga stoo, wakarudi nyumbani na mtoto wao. Wodi ya Sitara ilijaa tangu mwezi wake wa kwanza, na wasichana waliozaliwa humo waliitwa Sitara kama ada, kwa kuwa mama zao walilipenda jina, na kwa kuwa Mwalimu Mkuu hakukosa kuja kueleza maana yake. Muuguzi aliendelea kuwapima. Alipoita na sakafu ikaitika, alinyamaza kidogo kabla ya kufafanua ni Sitara wa nani, na kina mama wakamsubiri kwa adabu.

Mvua zilipoanza, taa ya baraza ya Mwalimu Mkuu iliungua, na mji ule ulikuwa na fundi umeme mmoja tu wa kuaminika. Muuguzi alisimama barabarani na mwavuli, mtoto mgongoni, akatazama. Mumewe aliegemeza ngazi ukutani. Mzee alikuja kuishika kwa mikono yote miwili isiteleze, na akakaa hivyo kwa muda wote kazi ilipofanyika, uso ameuinua, mvua ikimpiga kwenye masikio yale yaliyosimama. Taa ikawaka. Fundi akateremka.

"Asante, mwanangu," alisema Mwalimu Mkuu, kama mzee yeyote anavyomwambia kijana yeyote.

"Haya, Mwalimu," akasema fundi, akakunja ngazi yake.